Mfuko wa Nyuzi Ulitangulia Sanduku la Pesa



Kwenye mkutano mkuu uliopita, hapa Baraka, kulitokea ubishi ambao haukuandikwa vizuri kwenye ripoti. Katibu aliandika tu "mengineyo". Ukweli wenyewe ni huu: mzee mmoja mwenzetu, mtu tunayemheshimu, alisimama akauliza kwa nini kila mwaka kwenye hesabu yetu kuna mstari wa "nyuzi na sindano", na huku paa la ofisi linavuja na wajane wawili wa upande wa Mutambala bado wanangoja mabati. Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba kofia za watoto ni mchezo wa wamama, na chama ni kazi ya watu wazima. Wamama hawakucheka. Mmoja wao alijibu bila kusimama: "Wakati chama haikukuwa, mulikuwaga munavaa nini?"

Baada ya hapo mkutano ulihamia kwenye jambo lingine, lakini tuliombwa tuandike historia hii, kwa sababu nusu ya vijana waliokuwa ukumbini walizaliwa kambini au baada ya kurudi, na hawajui mfuko wa nyuzi umetoka wapi. Hatuandiki ili tushinde ubishi. Tukishinda, hatutasikitika.

Kufuma hakukuanzia kambini. Wala hakukuanzia kwa bibi zetu wa zamani sana. Wao walisuka mikeka na vikapu, na kando ya ziwa, ambapo maji yenyewe yako kama mita 770 tu juu ya bahari na joto halina huruma, nani angetafuta sweta? Sindano za kufumia zilikuja na masista, na wake za wamisionari, na serikali ya Wabelgiji. Kuanzia miaka ya 1930 Wabelgiji walifungua katika miji ya Kongo, na baadaye Usumbura, ile tunayoiita leo Bujumbura, nyumba walizoziita "fwaye". Humo mwanamke alifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika na kuogesha mtoto kwa namna walivyotaka wao. Walimu walikuwa wanapita hata majumbani kukagua, na kulikuwa na mashindano ya nyumba iliyotunzwa vizuri. Wazee wetu waliokwenda Usumbura na Albertville, Kalemie ya leo, kutafuta kazi, walienda na wake zao, na baadhi ya wake hao waliingia fwaye.

Hatuwezi kuisifu fwaye yote. Mpango ulikuwa mume asome awe karani, na mke ajue kupamba kiti cha karani. Kuandika barua hakufundishwa kama kufuma. Wako mama wazee waliotuambia kwamba walijua kufuma soksi yenye kisigino kabla hawajajua kusoma jina lao. Lakini walirudi nyumbani Fizi na kitu mkononi, wakawafundisha binti zao na binti za jirani, na hapo ndipo kitambaa cha kroshe kilipoingia kwenye harusi zetu: kitambaa cha kiti, cha meza, cha kufunika redio. Nyumba isiyo na kitambaa ilionekana kama nyumba isiyo na mwanamke. Mabaki ya uzi yalikuwa ya watoto wa kike. Kila mmoja alijifunzia kwenye kipande alichoachiwa na mama, na kazi ya kwanza ilikuwa kamba tu, ndefu, ya kufungia kikwembe au funguo.

Kisha vita vya 1964 na 1965, na miaka ya maquis milimani. Watu wa vitabu wanakuja mpaka leo kutuuliza Che Guevara alipita wapi alipovuka ziwa kutoka Kigoma mwaka 1965, na Laurent-Désiré Kabila alikaa kwenye mlima gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza sindano zilikwenda wapi. Zilipotea, nyingi, pamoja na shule. Zilizobaki zilikuwa za kroshe, kwa sababu sindano ya kroshe ni moja, ni fupi, na inaficha vizuri kwenye pindo.

Hilo la kuficha ndilo lililotusaidia Oktoba 1996.

Mnajua wenyewe jinsi tulivyoondoka. Wengine walipandia mtumbwi Baraka, wengine Mboko, wengine walishuka Ubwari usiku. Aliyebeba sufuria alionekana tajiri. Mama mzee mmoja, marehemu sasa, alivuka na sindano moja ya kroshe aliyoichomeka kwenye nywele chini ya kitambaa cha kichwa. Hakuichukua kwa akili, alisema mwenyewe. Ilikuwa kichwani kwa sababu alikuwa anafuma wakati risasi zilipoanza, na akasahau. Alipofika Kigoma ndipo alipojikuna akaikuta.

Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa 1996 huko Kasulu, na Lugufu mwaka 1997. Mwaka huohuo wa 1997, baada ya Mobutu kuanguka, wengi wetu tulidhani yamekwisha. Meli Liemba, ile ya zamani ya Wajerumani, ilifanya safari 22 kutoka Kigoma kwenda Uvira na kurudisha watu zaidi ya 75,000. Wengine wetu tulikuwa ndani yake. Agosti 1998 vita ya pili ikaanza, tukavuka tena. Kwa hiyo wako wanachama wa chama hiki waliovuka ziwa mara nne: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Tunalisema hili kwa ajili ya wafadhili wapya, ambao mara nyingi wanadhani kurudi ni siku moja.

Kambini tulikutana na baridi. Kasulu si kama Baraka. Mwezi wa sita na wa saba usiku unauma, na mtoto mchanga aliyelala chini ya turubai anaamka midomo imebadilika rangi. Blanketi zilitolewa, ndiyo, lakini blanketi moja haiwezi kumfunika mama, watoto wanne na kichwa cha mchanga kwa wakati mmoja. Na duka lilikuwa mbali kwa namna ya pekee: sheria ilikataza mkimbizi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Uzi ulikuwepo Kasulu mjini, na hata Kigoma, ila hatukuruhusiwa kuufuata. Huo ndio mzizi wa kufuma kwa mabaki. Watu wanafikiri tulikuwa wabunifu. Tulikuwa tumefungiwa.

Uzi ulitoka wapi basi? Kwanza kwenye mitumba. Zilikuwepo sweta ambazo hakuna aliyezitaka: zilizotoboka kiwiko, za mikono mifupi, za ukubwa wa mtu ambaye hatujawahi kumwona Fizi. Tulizipata kwa kikombe cha maharage. Kuifumua sweta kuna akili yake, na vijana wanaotusaidia sasa waisome vizuri. Unaanza kuangalia mshono wa ubavuni. Kama sweta ilikatwa kwa mkasi ikashonwa kwa mashine, iache, maana itakupa vipande vya shibiri moja moja tu. Kama kila upande ulifumwa kwa umbo lake, unakata uzi wa mshono taratibu, unatenganisha mikono na mwili, halafu unaanzia juu, kwa sababu sweta nyingi zinafumwa kutoka chini kwenda juu. Hapo uzi unavutika mzima. Unauzungusha kwenye miguu ya kigoda au mikono ya mtoto aliyekosa, unaufunga mahali pawili, unaufua, unauanika ukining'inizwa na kopo la maji ili mikunjo inyooke. Usipoufua, kofia itatoka na matuta.

Wafadhili wetu wa Ulaya wasione haya ni maajabu ya Afrika. Uingereza, wakati wa vita ya pili ya dunia, nguo ziligawiwa kwa kuponi kuanzia 1941 mpaka 1949, na serikali yenyewe iliwafundisha raia kufumua sweta za zamani na kufuma upya. Bibi wa baadhi yenu walifanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao walikuwa kwao.

Chanzo cha pili kilikuwa mifuko ya posho. Mfuko wa unga ukisha, ukijua kuuvuta kwa upande unaofaa, unatoa nyuzi bapa nyeupe, ndefu. Zinateleza, hazipati joto, na kwenye ngozi ya mtoto zinakwaruza. Kwa hiyo hizo zilikuwa za mikoba, kofia za jua na vikapu vya sabuni. Wamama wa Lugufu walizichanganya na uzi wa sweta, rangi moja kwa kila mstari, na mkoba ukawa mzuri kuliko ule wa dukani.

Na sindano? Spoku za baiskeli. Hapa tunaomba radhi kwa mzee wetu, ila ametupa ruhusa. Yeye aliyeuliza swali kwenye mkutano mkuu ndiye aliyekuwa fundi wa spoku katika kijiji chetu pale Lugufu. Alizinyoosha kwa jiwe, akazikata, akazinoa ncha mpaka hazishiki uzi, na upande wa pili akaweka kipande cha ndala ili vitanzi visitoke. Spoku ni nyembamba, milimita 2 tu, ndiyo maana kofia zetu za wakati ule zilikuwa na vitanzi vidogo sana na zilichukua usiku mbili au tatu. Kwa uzi mnene alichonga mwanzi. Hakuuza hata moja. Alikuwa anapata sahani ya ugali, na alikuwa anasema anafanya kwa sababu ya kukosa kazi.

Sasa tufike kwenye mfuko. Ulikuwa mfuko wa posho, mtupu, uliofungwa kwenye nguzo ya nyumba ya mama mmoja. Mwanzoni alitumbukiza mwenyewe mabaki yake, vile vipande ambavyo havitoshi kitu. Jirani akaweka vyake. Baada ya miezi michache mfuko ukawa wa watu kama kumi na tano, bila mkutano wowote kuitishwa. Kofia ya mtoto mchanga haimalizi gramu 30 za uzi. Mtu mmoja hakuwa na gramu 30 za rangi moja, ila wanne walikuwa nazo za rangi nne. Ndiyo maana watoto waliozaliwa kijiji chetu wakati ule wanaitana mpaka leo "wa rangi nne". Wengine wana ndevu.

Hakukuwa na daftari, lakini masharti yalikuwepo, na kila mtu aliyajua. Anayejifungua anapata kofia na soksi. Anayefiwa anapewa mkoba, au kitambaa cha kufunika sahani za wageni wa msiba. Aliyeunguliwa nyumba anapata anachohitaji kwanza. Na sharti kubwa kuliko yote: mtoto akikua, kofia inafumuliwa na uzi unarudi mfukoni. Si kofia inayorudi, kwa sababu kofia ya mtoto mwingine inaweza kuleta maneno. Ni uzi. Ukifuliwa na kuzungushwa upya unakuwa hauna mwenyewe. Uzi huohuo umefunika vichwa vitatu, vinne. Kila mara unachoka kidogo, unakatika, ndipo unapofumwa ukiwa maradufu, na mwisho kabisa unakuwa kamba.

Mama mmoja hakurudisha. Mtoto wake alikufa kwa homa ana miezi miwili, na kofia alibaki nayo. Hakuna aliyemwomba. Aliendelea kuchukua kwenye mfuko kama watu wengine na hakuna aliyehesabu.

Tunataka wanachama wasimame kidogo hapo. Leo, kwenye chama chetu, tunafuata utaratibu wa MUSO kama vyama vingi vya Kivu ya Kusini: sanduku la kijani la akiba na mikopo, sanduku jekundu la misaada ya shida, sanduku la bluu la pesa za nje. Tulifundishwa hayo kwenye semina ya siku tatu, na soda, na karatasi kubwa ukutani. Mkufunzi alipoeleza sanduku jekundu, kwamba kila mtu anatoa kidogo na anayepata shida anasaidiwa bila riba, wamama wa nyuma walianza kunong'onezana. Alidhani hawakuelewa. Kumbe walikuwa wanauliza, huyu naye alikuwaga Lugufu?

Kurudi kulianza Oktoba 2005, meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, miaka ikafuatana, na mwaka 2009 Lugufu ikafungwa; waliobakia wakahamishiwa Nyarugusu. Kabla ya kundi letu la kwanza kupanda, mfuko uligawanywa. Ilichukua mchana mzima na kulikuwa na ugomvi, tusifiche. Mmoja alitaka uzi wa bluu wote kwa sababu ndiye aliyeileta ile sweta ya bluu. Mwishowe kila mtu alipewa donge moja lenye rangi zilizochanganyika, ukubwa wa chungwa. Tuliposhuka Baraka na turubai, majembe na posho, wengi tulikuwa na donge hilo pia.

Tulichokikuta hapa kila mtu anakijua. Nyumba zilikuwa udongo, na viwanja vingine vilikuwa na watu. Tena si wezi wote. Walikuwa ndugu na majirani ambao hawakuvuka, waliokula vita miaka yote hiyo, na walituona sisi kama watu waliokwenda kushiba Tanzania halafu wanarudi kudai. Maneno yalikuwa makali. Tunakumbuka kesi ya mwenzetu mmoja. Kiwanja cha marehemu baba yake kilikuwa na nyumba ya jirani, mtu aliyecheza naye utotoni. Walikwenda kwa chifu mara nyingi, na kila mara panga zilikuwa hazikai mbali. Katikati ya kesi hiyo, mkamwana wa jirani akajifungua. Mwenzetu alichukua donge lake, akafuma kofia na soksi, akaenda. Alipigiwa kelele na ndugu zake mwenyewe: unampelekea zawadi mtu aliyekula kiwanja chako? Alijibu kwamba mtoto hakukaa kwenye kesi.

Tusidanganyane. Kofia haikurudisha kiwanja. Kiwanja kiligawanywa nusu kwa nusu kwa sababu wazee walikaa, wakasikiliza mashahidi, wakapima kwa kamba, na mpaka leo mwenzetu anaamini alipunjwa. Lakini siku ya kupima watu walikuja mikono mitupu, na yule mkamwana ndiye aliyeleta maji ya kunywa. Mwaka uliofuata aliingia kwenye kundi letu la kufuma, yeye ambaye hakuwahi kuwa mkimbizi. Ndivyo chama hiki kilivyopata wanachama wasio warejeaji. Katiba yetu inasema "warejeaji na majirani wao", na anayeuliza neno "majirani" lilitoka wapi, lilitoka hapo.

Siku hizi uzi si shida kama zamani. Unakuja kwa boti kutoka Kigoma, unakuja kwa barabara kutoka Uvira, na mafundi wa sweta za shule wanatuwekea ncha zao badala ya kuzitupa. Wafadhili wengine wametuma vifurushi, tunashukuru. Tuseme jambo moja bila kuwaudhi: sufu halisi ni nzuri, ila hapa nguo ya mtoto inafuliwa kwa maji ya moto na sabuni kali, na sufu inajikunja mpaka kofia inamtosha mdoli. Akriliki inavumilia. Lakini akriliki msiwape wanaofuma vishikio vya sufuria, maana inayeyuka ikikaribia moto, na tayari kuna mkono ulioungua. Kwa vishikio tunataka pamba. Mabaki madogo kabisa tunayafumia miraba ya kroshe, kila mtu mmoja wa shibiri, na miraba 48 inaunganishwa kuwa blanketi. Blanketi la mwisho lilikwenda kwa mmoja wa wale wajane wanaongoja mabati. Alisema asante, na akauliza mabati yatakuja lini. Ana haki.

Mwaka 2015 Warundi walianza kuvuka kuja kwetu, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa hapahapa Fizi. Tulikwenda mara ya kwanza na wamama sita. Tulipofika tuliona turubai, foleni ya maji, watoto wenye vichwa wazi asubuhi ya mvua, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kisha mmoja wetu akauliza kama kuna mtu mwenye mfuko mtupu wa posho. Ulipatikana mara moja. Tukaufunga kwenye nguzo, tukaacha madonge ndani, na tukaeleza masharti kwa Kiswahili, na mama mmoja akatafsiri kwa Kirundi. Tuliporudi baada ya miezi mitatu mfuko ulikuwa umejaa kuliko tulivyouacha, na walikuwa wamebadilisha sharti moja: kwao mtoto wa kwanza wa mama haifumuliwi kofia yake, anabaki nayo. Tulijadiliana njia nzima ya kurudi kama ni sawa. Hatujakubaliana.

Mstari wa "nyuzi na sindano" utapigiwa kura kwenye mkutano mkuu ujao, pamoja na paa. Mzee wetu tulimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa. Alisahihisha mahali pawili, kuhusu kipande cha ndala na kuhusu sahani ya ugali, ambayo anasema ilikuwa na samaki. Ametuambia bado atapigia kura paa. Tumempokea. Amesema pia ana spoku nne alizozinoa wiki hii, mtu apite kuzichukua kabla ya Jumapili.